Deni Lilivuka, Ahadi Ikabaki

Tuliporudi Lubumbashi kwa likizo, baada ya Misa ya pili katika parokia yetu ya Katuba, vijana watatu walitusogelea kwa adabu. Aliye mkubwa kati yao akauliza: « Baba, Mama, ni kweli kwamba kule Amerika waliwanyang'anya nyumba? » Tulitazamana, tukacheka kidogo, kwa sababu hatukuwa na jibu fupi. Nyumba haikunyang'anywa. Tuliiuza sisi wenyewe, kwa bei iliyokuwa chini ya deni lake, na kabla ya hapo ilibaki siku tatu tu ipigwe mnada. Waliowaletea ninyi habari hiyo hawakukosea sana. Tuliwaahidi vijana wale kwamba tutaandika mambo yote jinsi yalivyokuwa, na hii ndiyo ahadi tunayoitimiza.

Mmoja wetu alizaliwa katika nyumba ya kampuni ya madini. Wengi wenu mnajua maisha hayo kwa kusimuliwa na babu zenu: nyumba ni ya kampuni, maji ni ya kampuni, unga wa mwisho wa mwezi ni wa kampuni, na siku kazi inapokwisha unaanza kujiuliza utalala wapi. Ndiyo maana tulipofika Marekani mwaka 2001 kwa visa ya bahati nasibu, jambo la kwanza tulilotamani halikuwa gari. Tulitaka ukuta ulio wetu. Tulifanya kazi miaka mitano, mmoja katika bohari la mizigo, mwingine katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwezi wa Aprili 2006 tukanunua nyumba ya vyumba vitatu mjini Phoenix, jimbo la Arizona, kwa dola 215.000. Tulitoa dola 10.000 zetu, zilizobaki zilikuwa mkopo wa miaka 30.

Hatukujua kwamba tulinunua wakati bei zimefika kileleni. Kati ya mwaka 2006 na 2011 bei za nyumba za Phoenix zilianguka kwa zaidi ya nusu. Bohari lilipunguza saa za kazi mwaka 2009, kisha likafungwa. Tukaishi kwa mshahara mmoja, tukala akiba, tukaacha kutuma pesa nyumbani (wazazi wetu walinyamaza, na kunyamaza kwao kulituumiza kuliko maneno), na Oktoba 2011 hatukuweza tena kulipa.

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulielewa. Huku kwetu, ukikopa kwa mtu, unamjua: ndiye aliyekupa, ndiye unayemrudishia, ndiye wa kumwomba uvumilivu. Kule, mkopo wa nyumba una watu wawili upande wa pili. Yuko mwenye deni, ambaye pesa ni zake, na mara nyingi hukutani naye kamwe. Na yuko msimamizi wa mkopo: kampuni inayopokea malipo ya kila mwezi, inayoweka akiba ya kodi na bima ya nyumba, inayojibu simu, na ambayo, mambo yakiharibika, ndiyo inayopokea maombi yako na kuandaa mnada. Msimamizi hulipwa kwa kazi hiyo. Kwa mikopo ya kawaida, ujira huo ni kama robo ya asilimia moja ya deni kwa mwaka. Kwa deni letu la dola 191.000, haukufika dola 500. Na haki ya kuupata ujira huo inauzwa na kununuliwa kama mali nyingine yoyote. Mkopo unaolipwa vizuri ni faida isiyo na jasho. Mkopo wa mtu aliyekwama ni simu, barua na wanasheria, na gharama yake hupita ujira wa miaka. Katika miaka ile benki kubwa ziliachia usimamizi wa mikopo mingi sana, hasa iliyokwama, kwa kampuni ambazo si benki. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali. Karatasi tulizotia sahihi mwaka 2006 zilisema wazi kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Tulizisoma kwa haraka, tukiwa na furaha.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 dalali mmoja (yule ambaye hapa tungemwita komisioneri) alitueleza njia ya uuzaji pungufu. Unatafuta mnunuzi kwa bei ya sokoni, hata kama bei hiyo haifiki deni. Mwenye deni akikubali kwa maandishi, anachukua pesa yote, anaifungua rehani, na anaacha kudai kilichobaki. Wewe muuzaji huondoki na senti. Mtu atauliza: faida iko wapi? Faida ni kwamba mnada ungetufungia mlango wa kununua nyumba tena kwa miaka mingi zaidi. Na, tuseme ukweli mbele yenu, kulikuwa na aibu. Tulitaka kutoka kwa mlango wa mbele, tumefagia, tukimkabidhi mtu ufunguo mkononi.

Njia hiyo ina karatasi nyingi. Tuliandika barua ya kueleza dhiki yetu. Tulitoa hati za mshahara, taarifa za benki na hati za kodi za miaka miwili. Karatasi hizo huchacha kama ugali wa jana: zikipita siku 60 au 90, msimamizi anataka mpya. Mwezi wa Mei tulipata mnunuzi, mume na mke vijana waliokuwa wakingojea mtoto wa kwanza, na walitoa dola 92.000. Msimamizi akatuma mtu wa kukadiria bei. Tukangoja Juni, tukangoja Julai, katika joto la Phoenix linalopita nyuzi 40. Wakati huohuo tangazo la mnada lilikuwa limekwisha kuandikishwa, maana katika jimbo la Arizona mnada hauhitaji hukumu ya mahakama. Tangazo likiandikishwa, zinahesabiwa siku 90 na zaidi, basi. Lakini mwanamke aliyeshika faili letu alikuwa mtu wa neno lake. Aliusogeza mnada hadi tarehe 22 Oktoba ili kutupa nafasi, na katikati ya Agosti akatuletea barua ya kibali: bei imekubaliwa, deni litakalobaki litasamehewa, na uuzaji ukamilike kabla ya tarehe 28 Septemba.

Tuliiweka barua hiyo juu ya kabati, karibu na picha ya wazazi.

Siku chache baadaye ilifika barua nyingine. Sheria ya Marekani inadai kwamba usimamizi ukihama, mkopaji aandikiwe: msimamizi wa zamani anatuma barua ya kuaga siku 15 kabla ya siku ya kuhama, na mpya anatuma barua ya kukaribisha kabla siku 15 hazijapita baada yake. Barua yetu ya kuaga ilisema kwamba kuanzia tarehe 16 Septemba mkopo wetu utasimamiwa na kampuni nyingine. Ilitaja mahali pa kutuma malipo. Ilitueleza kwamba kwa siku 60 malipo yaliyopelekwa kwa makosa kwa yule wa zamani yasihesabiwe kuwa yamechelewa. Jambo jema kwa mtu anayelipa. Juu ya barua ya kibali iliyokuwa kabatini kwetu haikusema neno.

Tulipiga simu. Mwanamke yule alituambia kwa sauti ya huruma: « Mkikamilisha kabla ya tarehe 16, barua yangu inasimama. Baada ya hapo, waulizeni wao. » Tuliharakisha. Lakini benki ya mnunuzi ilitaka ukaguzi wa paa, na ukaguzi ulichukua wiki moja. Tarehe 16 ilipita ikiwa Jumapili.

Tarehe 24 Septemba tulimpata mtu kwa msimamizi mpya, baada ya kungoja kwenye simu kwa saa nzima na nusu. Tulimpa namba yetu mpya. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na tunayakumbuka neno kwa neno, kwa maana tuliyaandika papo hapo.

« Mama, sioni kibali chochote katika mashine yangu. Sioni hata ombi la kuuza. »

« Na nini unaona? »

« Naona deni, dola 191.000 pamoja na miezi 11 isiyolipwa. Naona tarehe ya mnada, 22 Oktoba. »

Vijana wapendwa, hapo ndipo tulipolielewa lililotupata. Deni lilivuka kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kupungukiwa na senti moja. Miezi yetu ya kuchelewa ilivuka. Tarehe ya mnada ilivuka, wakati mnada wenyewe ulikuwa umesogezwa kwa ajili ya uuzaji ule ule ambao sasa hakuna aliyeujua. Kila kitu kilichokuwa dhidi yetu kilipata nafasi katika mashine. Neno lililotolewa kwa ajili yetu lilibaki katika ofisi ambayo haikutuhusu tena.

Tulifikiri sana juu ya likelemba ya mama zetu. Mnajua jinsi daftari linavyobadilisha mikono: mwenye kulishika akizeeka au akihama mtaa, wanawake wote huketi uani, na wa zamani husoma kila jina kwa sauti mbele ya wa mpya. Fulani amepokea. Fulani bado. Fulani aliombwa asubiri mwezi mmoja kwa sababu ya msiba, nasi sote tulikubali. Hilo la mwisho halimo katika safu ya hesabu. Linasemwa kwa mdomo, wanaitikia, nalo linakuwa sheria. Hatusemi kwamba mama zetu wana hekima kuliko benki za dunia. Likelemba nayo tumeiona ikivunjika kwa wizi na kwa kinyongo. Tunasema tu kwamba uani pale hakuna anayeweza kupokea daftari na kukana maneno.

Tarehe 28 ilifika ikapita. Dalali wetu alituma faili lote upya kwa faksi, kurasa 74. Wakajibu kwamba kurasa nyingine hazisomeki. Akatuma tena. Wakajibu kwamba hati za mshahara zimepitwa na wakati, na kweli zilikuwa zimepitwa. Tulituma mpya, wakati huo aliyeshika faili alibadilishwa, na aliyemfuata akataka sahihi katika fomu za kampuni yake, kwa kuwa zile tulizotia sahihi zilikuwa na jina la kampuni ya kwanza juu yake. Wale wanunuzi vijana walivumilia hadi wiki ya pili ya Oktoba. Kisha wakatupigia simu, mke akilia, wakasema wamepata nyumba nyingine kwa sababu mtoto hangojei faksi. Hatuwalaumu hata kidogo. Tuliwatakia heri, tukaketi jikoni, na kwa usiku ule tulishindwa kuzungumza.

Aliyetusaidia alikuwa mshauri wa nyumba, mmoja wa wale wanaoidhinishwa na wizara ya makazi ya Marekani, ambao mtu aliye hatarini kunadiwa hawalipi. Tungalimwendea mwaka mmoja mapema, lakini tuliona haya kumwonyesha mgeni karatasi zetu. Aliuliza swali moja ambalo sisi hatukuwa tumeuliza tangu 2006: « Mwenye deni ni nani? » Alitafuta katika intaneti, kwa dakika mbili, akakuta kwamba mkopo wetu ulikuwa mali ya mojawapo ya yale mashirika mawili makubwa, Fannie Mae na Freddie Mac, ambayo serikali iliyaweka chini ya usimamizi wake Septemba 2008. Akatutazama: « Huyu hakuhama. Aliyehama ni mkusanyaji wake tu. Kibali chenu kilitolewa kwa niaba ya mtu ambaye bado ni yule yule. »

Tulitengeneza nakala tatu za kila kitu: barua ya kibali, barua ya kuaga, risiti za faksi, na daftari letu la simu lenye tarehe, saa na jina la kila aliyejibu. Nakala moja ilikwenda kwa meza ya malalamiko ya msimamizi mpya, moja kwa mdhamini anayeendesha mnada, moja kwa mwenye deni. Zote kwa posta ya kutiwa sahihi. Ijumaa tarehe 19 Oktoba, saa kumi jioni, simu ililia: mnada wa Jumatatu umeahirishwa, faili linafunguliwa upya.

Lilifunguliwa upya kweli, maana yake lilianza mwanzo. Makadirio ya bei ya kwanza hayakukubalika. Walituma mtu wao, na kwa kuwa bei za Phoenix zilikuwa zimeanza kupanda mwaka ule, alisema dola 109.000. Nyumba ambayo Agosti ingekubaliwa kwa 92.000 sasa ilikuwa ghali zaidi ya uwezo wa wanunuzi kama wale wa kwanza. Aliyeipata alikuwa mwekezaji mwenye pesa taslimu, dola 106.000, ambaye hakuja hata kuiona jikoni yetu. Kwa mwenye deni ilikuwa faida ya dola 14.000, na hatuwezi kumnyima haki hiyo. Ila kuna familia iliyopoteza chumba cha mtoto.

Na ucheleweshaji ulikaribia kutupiga pigo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, deni lililosamehewa huhesabiwa kama mapato. Sheria ya mwaka 2007 iliwaondolea mzigo huo watu wanaosamehewa deni la nyumba wanamoishi, lakini ilikuwa iishe tarehe 31 Desemba 2012. Kama tungeuza Septemba, tungekuwa salama. Desemba ilikwisha bila kibali. Usiku wa mwaka mpya tulikuwa tunapiga hesabu ya kodi juu ya dola 85.000 ambazo hatukuwahi kuzishika mkononi. Sheria iliongezewa mwaka mmoja tarehe 2 Januari 2013. Mtu akituuliza kama tulistahili nafuu ile, tutamjibu kwamba ilikuja tu, kama mvua.

Tuliuza tarehe 25 Januari 2013.

Kanuni zimebadilika tangu hapo, na ni haki kulisema. Kuanzia tarehe 10 Januari 2014, kanuni za ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka msimamizi wa zamani ahamishe habari zote pamoja na mkopo, na wa mpya awe na utaratibu wa kutambua maombi yaliyo njiani. Ombi lililokamilika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada linazuia mnada usiendelee hadi lijibiwe. Na tangu Oktoba 2017 imeandikwa kwamba ombi linalohama huhesabiwa tangu siku lilipopokelewa na msimamizi wa kwanza, siyo tangu siku ya kuhama. Tulipoisoma kanuni hiyo tuliona kana kwamba aliyeiandika alikuwa ameketi nasi jikoni. Hata hivyo kanuni haimshiki mnunuzi mkono ili asiondoke, wala haizuii bei kukadiriwa upya. Inalinda ombi, uuzaji una uhai wake mwingine, mfupi.

Baadhi yenu mtakwenda ng'ambo, na mtatia sahihi karatasi nene mkiwa na furaha, kama sisi. Wengine mtanunua kiwanja hapa hapa, Ruashi au Kampemba, na mtaambiwa na mtu mwenye tabasamu kwamba maneno yake yanatosha. Tunawaombeni mkumbuke swali la yule mshauri: mwenye deni ni nani? Muulize jina la aliyewaahidi, na jina la atakayeshika faili akiondoka, na mwandike tarehe.

Sanduku letu la karatasi liko bado Phoenix, chini ya kitanda cha nyumba tunayopanga. Mwezi wa Machi 2013, wiki saba baada ya kukabidhi ufunguo, tulipata barua kutoka kampuni ya tatu, ambayo hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa barua ya kukaribisha. Ilitupa namba mpya ya mkopo, ikatushukuru kwa kuwa wateja wao, ikatukumbusha malipo ya mwezi. Tulisoma mara mbili. Kisha mmoja wetu akalivuta sanduku, akatoa hati ya kufunguliwa rehani, akaenda kutengeneza nakala. Mwingine akaandika katika daftari: tarehe 14 Machi, posta ya kutiwa sahihi, risiti imehifadhiwa.